Meli Yenye Kuta Nyembamba

Nilikuwa nimeshaamua kabla sijakaa kwenye kiti. Nilitaka meli yenye kuta nyembamba, meli ambayo mtu akikohoa chumba cha pili unamwambia pole. Wanawake wenzangu wakipelekwa kuchagua safari huuliza dirisha linaangalia wapi, chakula kikoje, usiku kuna muziki au hakuna. Mimi nilikuwa na swali moja tu, nalo nilikuwa nikilitafuna tangu asubuhi: nikipiga kelele, nani atasikia?

Msinionee huruma mapema. Sikuwa mjinga, wala sikuwa kondoo. Mdomo nilikuwa nao, tena mkali, na mdomo huo ndio alioanza kuupiga mume wangu mwaka wa kwanza wa ndoa, kabla hajajifunza kwamba mdomo unaonekana na mbavu hazionekani. Mume wangu alikuwa mfamasia, lakini mtaa mzima ulimwita Daktari. Sauti yake laini, kucha zake safi, mzee akienda kununua dawa anamwandikia kwa herufi kubwa ili asisumbuke kusoma. Ukisema mtu yule anapiga mke, watu wangekuuliza wewe umemfanya nini.

Mwezi uliopita alinivunja mbavu. Nikakimbilia kwa shangazi, ambaye ndiye aliyenilea tangu wazazi wangu walipofariki. Shangazi akanikanda, akanilisha, akanilaza kitandani kwake. Nilipopata nafuu akamnyanyulia Daktari simu aje kunichukua. Daktari akaja na suti. Akapiga magoti katikati ya sebule, akalia hadi kola ikalowa, akaahidi safari: meli ndogo ya kifahari, wiki mbili majini, sisi wawili peke yetu, tuanze upya.

"Unaona?" shangazi aliniambia huku akifuta machozi yake mwenyewe. "Vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana. Nenda na mumeo."

Nikaenda. Na siku ya kuchagua meli shangazi akasema atafuatana nasi, ashuhudie kwa macho yake, roho yake itulie.

Ofisi niliichagua mimi. Nilimwambia Daktari kwamba hapo ndipo panapouzwa meli zote mbili ndogo zinazosifiwa, na kweli ndipo. Nisichomwambia ni nani anakaa nyuma ya meza.

Tulimwita Nahodha. Ulikuwa utani, maana anauza safari za baharini na yeye mwenyewe hata kwenye bembea anatapika. Zamani, kabla ya Daktari, alikuja kwa shangazi kuomba kunioa. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kazi yake, kisha akasema, "Mtu ambaye hajawahi kuvuka maji, mwanangu atamvusha wapi?" Akamfungulia mlango wa kutokea. Nami nilikaa chumbani nikanyamaza. Hilo la kunyamaza nimelilipia.

Kwa nini nilimpeleka mume wangu pale? Sijui mpaka leo. Nadhani nilitaka kuonwa na mtu mmoja aliyenijua nilipokuwa mzima.

Ofisi ilikuwa chumba kirefu chenye vioo mbele, kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo, na picha za meli ukuta mzima. Mlangoni alikaa mlinzi, jibaba la watu, na redio yake ndogo begani. Nahodha aliponiona aliinuka, akasahau kukaa tena.

"Shikamoo, mama," alimwambia shangazi.

Shangazi alimtazama kuanzia viatuni. Alimtambua, niliona. "Marahaba," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekanyaga kitu chenye unyevu.

"Karibu, kaka. Karibu, dada."

Dada. Zamani aliniita Mkali. Alikuwa ameongezeka mwili kidogo na mvi zilikuwa zimeanza masikioni, ila macho ni yaleyale, macho ya mtu anayekusikiliza hata ukinyamaza. Niliyakimbia. Nikayatazama mazulia, ndoo, picha. Nilipoinua uso yalikuwa bado yananingoja.

"Tunataka kilicho bora," Daktari alisema, akanivutia kiti mwenyewe. "Ni safari maalumu. Mke wangu hakuwa mzima, sasa amepona."

"Pole, dada."

"Nimeshapoa."

Nahodha akatandaza picha mbili mezani. "Basi nina mbili za kuwafaa. Zote ndogo. Hizi zinaingia vibandari ambavyo yale majumba ya watu elfu tatu hayasogelei. Hii tunaiita ya daraja la juu. Hii ni ya kifahari."

"Kwani daraja la juu na kifahari si kitu kimoja?" shangazi akauliza. "Au ndiyo biashara yenyewe, kutuchanganya?"

"Hapana, mama. Kwenye daraja la juu unapata chumba kizuri, kitanda kizuri, bafu lako. Lakini maisha yako nje ya chumba. Mnakula meza ndefu, wageni wote pamoja. Jioni kiongozi anawakusanya ukumbini, anawaeleza kesho mnashuka wapi. Siku ya pili tu mnajuana, ya tatu mnagombana nani kachukua kiti cha nani." Akagusa picha ya pili. "Hii ya kifahari, chumba ni nyumba. Sebule, roshani, mhudumu wenu peke yenu. Vinywaji vyote vimo. Mnakula wawili, saa mnayotaka, hata humohumo chumbani. Mkiamua, safari nzima hamuonani na mtu."

"Hamuonani na mtu," Daktari akarudia taratibu.

"Na kuna utulivu," Nahodha aliendelea, maana ulimi wa biashara ukishawaka kuuzima kazi. "Kuta zake zimejazwa sufi, milango ni minene hivi. Fungueni muziki mpaka mwisho, jirani analala usingizi wake. Wateja wanaipenda sana kwa hilo."

Daktari akanigeukia akatabasamu. "Umesikia, mpenzi?"

Nilisikia. Nikakiona chumba kile, roshani yake, zulia lake zito, na mhudumu asiyekuja mpaka aitwe. Wiki mbili. Maji pande zote. Mbavu zangu zilikuwa bado zinauma nikicheka.

"Na ile nyingine?" nikauliza. "Kuta zake zikoje?"

Nahodha akacheka. "Nikwambie ukweli? Za kawaida. Mtu akipiga chafya chumba cha mkono wa kulia, wa mkono wa kushoto anamwambia afya."

"Basi nataka hiyo."

Kicheko chake kikakatika. Alinitazama, akamtazama Daktari, kisha akarudi kwangu, na safari hii macho yake yalishuka polepole mpaka kwenye mkono niliokuwa nimeukumbatia ubavuni bila kujua.

"Mwanangu," shangazi akasema, "mtu anakupeleka ikulu, wewe unaomba kibanda?"

"Napenda watu."

"Tangu lini?" Daktari akauliza kwa utani, na shangazi akacheka.

Chini ya meza Daktari alikuwa ameshika kidole changu kidogo cha mkono wa kushoto. Lile lilikuwa neno letu la siri. Akikishika tu, maana yake angalia. Akikipinda kidogo, nyamaza. Akakipinda kidogo.

"Dada," Nahodha akasema, sauti imebadilika, "unaogopa bahari?"

"Siogopi bahari. Bahari haijawahi kunifanya kitu."

Kidole kikapindwa zaidi. Nikatabasamu, kwa mazoea tu.

"Tunachukua ya kifahari," Daktari akasema. "Andika."

"Hatuandiki hivyo, kaka. Meli hizi ni ndogo. Mtu akikata shauri la kurudi katikati ya safari, hakuna pa kumshushia. Kwa hiyo utaratibu wetu ni kila abiria aseme kwa mdomo wake anataka ipi." Akameza mate. "Na swali la pili, pia kila mmoja kwa mdomo wake. Kukitokea jambo, nani wa nchi kavu apigiwe simu? Asiwe yule mnayesafiri naye."

"Kwangu weka shangazi. Kwa mke wangu weka mimi."

"Wewe utakuwa naye melini."

"Ndiyo maana. Nitajua kabla ya mtu mwingine yeyote."

"Haturuhusiwi."

"Basi na kwake weka shangazi. Tumalize."

Nahodha hakuandika. Alinigeukia mzima mzima, na kiti chake. "Nasikiliza, dada. Kwa mdomo wako."

Nikamtazama shangazi. Nampenda, na sitamsema vibaya kuliko ilivyo. Aliniogesha, akanisomesha, akaninyima mambo mengi ili nipate machache ya maana. Lakini kila nilipomkimbilia, alipooza maumivu yangu kisha akanyanyua simu. Wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Yangu ilikuwa karibu kabisa, ila kila nikiiomba inapelekewa nyoka.

"Weka namba yako," nikamwambia Nahodha.

Akachukua kalamu akaiandika.

Na hapo shangazi akafanya kosa ambalo ni yeye tu duniani angeweza kulifanya. Aliona ndoa yangu inachafuka, akataka kuniosha uso mbele ya mume wangu. Akainama mbele, akamshika Daktari bega kwa mapenzi yote.

"Usimjali, baba," akasema. "Hakuna kitu hapo. Huyu kijana tulishamkataa zamani sana. Alikuja kumwomba, nikamfungia mlango mimi mwenyewe, kwa mkono huu. Mkeo alilia siku mbili tatu, basi, yakaisha."

"Kumbe," Daktari akasema.

Kumbe moja ndogo, ya upole, kama ya mtu aliyeambiwa kwamba duka limehama. Kisha akakivunja kidole changu.

Nilisikia mlio kabla ya maumivu. Maumivu yalipofika yalipanda mpaka kwenye meno, na ofisi yote ikawa nyeupe. Sikupiga kelele. Miaka mitano nilikuwa nimejifunza kutopiga kelele, na mwili haujui kwamba leo kuna watu. Jasho likanitoka usoni, likadondoka juu ya meza.

"Umekuwaje?" Nahodha akauliza.

"Hajambo," mume wangu akajibu. "Ni joto."

Ni lile neno lililonikasirisha. Si kidole. Kidole nilikuwa nimeshakizoea. Ni hilo joto, na kiyoyozi kinavuma juu ya vichwa vyetu. Nikauchomoa mkono wangu chini ya meza, nikauweka juu, katikati ya picha ya meli ya kifahari, kidole kikiwa kimeelekea ambako vidole havielekei.

"Tazameni," nikasema. "Sasa hivi, mkiwa mmekaa hapa. Mwezi uliopita mbavu, leo kidole. Huko kwenye kuta za sufi itakuwa nini? Shangazi, niambie wewe, maana ndiwe unayenirudisha. Itakuwa nini?"

Daktari aliinuka. Alifunga kifungo cha koti lake, taratibu, nikajua. Ngumi ilinipata shavuni, mbele ya watu, kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule wa kwanza. Hakujali tena kuonekana. Kiti kilianguka nami, kisogo kikagonga sakafu, nikaona dari na taa yake ndefu. Buti lake likaja ubavuni, upande uleule uliokuwa unaunga. Hapo nililia. Sauti ilinitoka ambayo sikujua kama ninayo, ikajaa chumba chote.

Nahodha hakuzunguka meza. Alipita juu yake. Picha, simu, vikombe, vyote vikaenda chini. Sasa niseme ukweli wa Mungu, Nahodha hakujua kupigana. Alimshika Daktari koti kwa mikono miwili, akawa anamvuta tu na kusema, "Mwache. Mwache. Mwache," kama anayemtoa ng'ombe shambani kwa mtu. Daktari akanyakua jagi la kioo la maji akampiga nalo mdomoni. Likapasuka. Damu ikaruka ukutani, kwenye zile bahari za bluu, ikamlowesha Nahodha shati zima, na bado hakuachia koti. Daktari akamlaza chali juu ya meza, akamkaba koo kwa mikono yake yote miwili, ile yenye kucha safi. Miguu ya Nahodha ikaanza kupiga teke hewa.

"Acheni, jamani," shangazi alikuwa akisema, amesimama kwenye kona na mkoba kifuani. "Acheni, watu wataona."

Mtungi wa kuzimia moto ulikuwa umening'inia ukutani, juu yangu kidogo. Sikumbuki kusimama. Nakumbuka uzito wake, na kwamba niliukumbatia kwa mkono mzima na kigasha cha mkono mbovu. Nilimpiga begani. Akageuka, akanitazama kwa mshangao, mshangao wa kweli, kama ambavyo ungeushangaa mlango ukikupiga. Nikampiga tena, gotini. Goti likaitika. Akaenda chini.

Nikauinua mara ya tatu. Sitaficha, mficha uchi hazai. Niliuinua juu ya kichwa chake, na ndani yangu kulikuwa na raha. Raha tamu, iliyotulia. Ningeuachia.

"Mkali." Ilikuwa sauti ya kukwaruza, ya mtu anayetafuta pumzi. "Mkali, inatosha."

Miaka sita sikuwa nimelisikia jina hilo. Nikauweka mtungi chini, pembeni, nikauegemeza ukutani usije ukamwangukia mtu.

Ndipo mlinzi akaingia, redio yake ingali inasoma matokeo ya mpira. Akatazama damu, akatazama vioo, akaona aliye na koti na aliye na koo jekundu, akafanya hesabu yake. Alimlaza Daktari kifudifudi, akamkalia mgongoni kwa uzito wake wote, akaomba simu apige polisi.

Nilidhani yamekwisha. Sikujua kwamba la hatari ndiyo kwanza linakuja.

"Mke wangu," Daktari akasema kutoka sakafuni. Alikuwa analia. Machozi ya kweli, msinibishie, nayajua. "Mke wangu, kidole. Kitavimba. Ukikiacha hivyo kitaunga vibaya. Nina bandeji mkobani. Lete mkono nikufunge. Kaka, niachie mikono tu, dakika moja, nimfunge mke wangu."

Hapa ndipo watu hawanielewi, hata walionipenda. Wanauliza, kwa nini ulikaa? Wanadhani ni hofu. Hofu ilikuwepo, lakini hofu peke yake haimfungi mtu miaka yote hiyo. Ni kwamba baada ya kunipiga alinitibu. Alichemsha maji, akajaribu moto wake kwa kiwiko. Aliposafisha kidonda alikipuliza. Aliizungusha bandeji kwa mkono mwepesi, haibani, hailegei, kila tabaka limekaa juu ya mwenzake, na huku ananiita majina ambayo siku za kawaida hakuyatumia. Nililala kifuani pake. Katika maisha yangu hakuna mtu aliyenigusa kwa upole kama mtu yule kwa muda ule. Nilikuwa naishi nikiungoja. Mungu anisamehe, kuna siku niliona bora anipige upesi ili ufike.

Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kuelekea kwake. Niliuona unaenda.

Shangazi alikuwa amechutama, ameufungua mkoba wa Daktari. Akatoa bandeji, nyeupe, bado imo kwenye karatasi yake. "Mpe mkono, mwanangu," akasema kwa sauti ya kubembeleza. "Hasira zimeshatoka. Mpe. Hakuna atakayekufunga kama yeye."

"Kweli, shangazi," nikasema. "Hakuna."

Akapumua. Alidhani tumeelewana.

Nahodha alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, leso mdomoni, damu inapita katikati ya vidole. Hakuniita. Hakuninyooshea mkono wala hakuniambia nisiende. Alinitazama tu, na niliona kwamba nikimwendea mume wangu atainuka anifungulie njia kwenye vile vioo nisijikate. Nikaenda nikakaa mbele yake.

"Nifunge wewe."

"Mimi?" Leso ilimfanya aseme kama mwenye kigugumizi. "Mimi sijui. Nitakuumiza."

"Niumize kwa bahati mbaya. Nifunge."

Shangazi alibaki na bandeji mkononi, hakuileta. Nahodha akavua tai yake. Akaitazama, akakitazama kidole, akaanza upande usio wenyewe, akafungua, akaanza tena. Akakamata na kidole gumba humohumo. Akavuta mno. Nikauma mdomo.

"Samahani."

"Endelea."

"Samahani. Samahani sana."

"Sivyo," Daktari akapiga kelele kutoka chini ya mlinzi. "Sivyo hivyo. Weka kitu kigumu chini yake. Unamkaza, damu haitapita. Mlegeze. Mtu huyu atamlemaza mke wangu, mzuieni."

Na alikuwa sahihi, neno kwa neno. Alikuwa analia kwa uchungu, uso sakafuni, anamtazama mwanamume mwingine anaharibu kazi yake. Nahodha alifuata maelekezo yake akashindwa, akalegeza ikawa inavuka, akakaza nikaruka. Alipomaliza mkono wangu ulikuwa bonge la tai lenye mafundo mawili na ncha inaning'inia. Uliuma kuliko mwanzo. Niliulaza mapajani nikaukumbatia.

Polisi walifika, wakamnyanyua Daktari akichechemea. Mlangoni aligeuka akaniambia, "Usiloweshe maji." Shangazi akaufunga mkoba wa Daktari vizuri, akaukwapua ili amfuate nao. Alisimama karibu yangu, manukato yake yaleyale ya utotoni.

"Ukitoka humu na huyo," akasema, "kwangu usije."

"Sawa, shangazi."

"Nasema kweli."

"Najua. Nami nasema kweli. Safari hii ukinyanyua simu, sitakuwepo nyumbani kwako nichukuliwe."

Uso wake ulizeeka pale pale nikitazama, na niliumia, maana ndiye mama niliyenaye. Kisha akamfuata mwenye mkoba.

Hospitali ya karibu mimi na Nahodha tulikwenda kwa miguu. Watu walitupisha njia, yeye na shati la damu, mimi na jicho limefumba na mkono uliovaa tai. Tulipofika wakamkalisha kwenye benchi kusubiri kushonwa mdomo. Mimi nikapelekwa kitandani kwa muuguzi mmoja mtu mzima, mnene, miwani imeshuka puani. Aliuinua mkono wangu akaugeuza huku na huku.

"Mama wee," akasema. "Hii nini? Bandeji au uchawi?"

"Ni tai."

"Naona ni tai. Mkasi ndio utaisaidia." Akaanza kukata, anasikitika kila fundo. "Kwanza amefunga na gumba, sasa gumba limekosa nini? Halafu hapa kakaza, hapa kaachia. Nani kakufanyia hivi?"

Nikamwonyesha kwa kidevu. Nahodha alikuwa ameinamisha kichwa pale kwenye benchi, mdomo umevimba, ametia mikono yake katikati ya magoti kama mtoto aliyevunja sahani. Alikuwa anasikia kila neno, kwa aibu.

"Masikini," muuguzi akasema, akashusha sauti. "Huyu mtu hajawahi kumfunga mtu kidonda maisha yake yote."

"Hajawahi," nikasema.

Nikaanza kulia pale kitandani, kwa sauti, milango yote ikiwa wazi na watu wamejaa koridoni, mpaka muuguzi akauweka mkasi chini akanishika kichwa.